JIBINI YA KAHAWIA, UTAMU WA MAJI YALIYOKUWA YAMWAGWE

Ndugu msomaji, lau ungekaribishwa kifungua kinywa katika nyumba ya Wanorwe, iwe ya mwalimu mjini Oslo au ya mvuvi kule kaskazini ambako katika majuma ya kiangazi jua halichwi, hapana shaka ungekuta mezani mkate, siagi, kahawa nyeusi, na kando yake kitu chenye umbo la tofali dogo, kahawia kwa rangi, kinachong'aa mithili ya mche wa sabuni uliotoka dukani sasa hivi. Mwenyeji wako angekiparuza kwa kifaa maalumu, akapata ukanda mwembamba unaokaribia kupitisha mwanga, akaulaza juu ya mkate wako, kisha akakutazama usoni angoje uonje.

Tumepata barua ya mama mmoja, msomaji wetu wa Mgeta mkoani Morogoro, ambaye mwanawe amerejea kutoka masomoni Norwe akiwa na matofali mawili ya namna hiyo ndani ya sanduku. La kwanza, asema mama huyo, lilikaa juu ya kabati wiki nzima kwa kuwa kila aliyeliona alidhani ni sabuni ya kufulia. La pili lilikatwa mapande manene kama ya muhogo, wakagawiwa watoto, na watoto wakayarudisha sahanini. Anauliza mambo matatu: chakula hiki ni kitu gani, huliwaje, na je, yeye anayefuga mbuzi wa maziwa aweza kukitengeneza mwenyewe? Maswali yake yote ni mazuri, na la tatu ni zito kuliko linavyoonekana.

Wenyewe hukiita brunost. Brun ni rangi ya kahawia, na ost ni jibini. Iliyotengenezwa kwa maziwa ya mbuzi peke yake huandikwa ekte geitost, yaani jibini ya mbuzi halisi, nayo ni kali, ina harufu ya zizi kwa mbali, na haimpendezi kila mtu. Iliyo maarufu kuliko zote huitwa Gudbrandsdalsost, kwa jina la bonde la Gudbrandsdalen, nayo huchanganya maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi. Ipo pia iliyo laini kama siagi, iitwayo prim, ambayo hupakwa kwa kisu.

Lakini je, hii ni jibini kweli? Wataalamu wa maziwa husita, na sababu yao ina uzito. Jibini tuijuayo hupatikana pale maziwa yanapotiwa kimeng'enya cha kugandisha, ambacho tangu kale hutolewa katika tumbo la ndama. Maziwa hayo hugawanyika pande mbili: huku mabonge meupe, kule maji yenye rangi ya manjano inayoelekea kijani. Mabonge hukamuliwa na kutiwa chumvi, yakawa jibini nyeupe ya kila siku. Katika kila lita 10 za maziwa ya ng'ombe hupatikana takriban kilo moja ya jibini hiyo, na maji hubaki kiasi cha lita 9. Katika sehemu nyingi za dunia maji hayo yalimwagwa mtoni au walipewa nguruwe.

Kumbe si maji matupu. Ukiyaondoa maji yaliyomo katika maziwa na kuacha vile vitu vigumu peke yake, utakuta kwamba karibu nusu yake vilikwenda na maji yale ya manjano: karibu sukari yote ya asili ya maziwa, ambayo huitwa laktosi, pamoja na protini zisizoganda, na madini. Jibini ya kahawia hutengenezwa kwa hayo. Kwa hiyo yule aitafutaye ndani yake ladha ya jibini nyeupe, chachu na chumvi, atakuwa anamtafuta mtu katika nyumba ambayo mtu huyo amekwisha kuhama.

Ukitaka kuielewa kazi yake, sahau jibini, fikiria halua. Waliopata kuona halua ikipikwa Unguja wanajua jinsi sufuria kubwa inavyokaa motoni kwa saa nyingi, mpishi akizungusha mwiko bila kupumzika, kwa kuwa akigeuka kusalimia mtu, chini kumeungua. Ndivyo ilivyo kwa Wanorwe. Maji ya jibini hutiwa katika chungu kipana cha chuma, yakatelekwa asubuhi na mapema, nayo hupungua na kupungua. Mwanzoni hutoa povu, ambalo huenguliwa na kurudishwa baadaye. Kadiri saa zinavyokwenda huwa mazito, na rangi yake hugeuka kutoka manjano kuwa kama chai ya maziwa, kisha kama asali ya nyuki wadogo, kisha kahawia. Hapo maziwa au krimu huongezwa, na mkono hauruhusiwi tena kuacha mwiko.

Kinachotokea ndani ya chungu kile ndicho kinachotokea katika ganda la mkate, katika buni zinazokaangwa, na katika kitunguu kinachogeuka rangi ndani ya mafuta. Sukari na protini zikikutanishwa na joto huungana na kuzaa rangi na harufu mpya kabisa. Mkemia wa Kifaransa, Louis-Camille Maillard, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1912, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Lakini wanawake wa milima ya Norwe walikuwa wakilitumia zamani, pasipo kulipa jina lolote.

Uji ule mzito ukitolewa motoni kazi haijaisha. Sharti ukorogwe na kukandwa hadi upoe, la sivyo laktosi hufanya chembechembe, na jibini huwa kama ina mchanga ndani. Zamani baada ya kukandwa ilishindiliwa katika vibao vilivyochongwa maua na herufi, ikatoka na mapambo ubavuni.

ANNE HOV NA KRIMU YAKE

Tumesema wanawake wa milimani, na yafaa tueleze. Norwe ni nchi ya mawe na maji; mashamba yafaayo kulimwa ni kidogo mno, na majani ya bondeni hayana budi kukatwa na kuwekwa akiba kwa ajili ya majira ya baridi. Kwa hiyo kila kiangazi mifugo ilipandishwa milimani, katika makambi yaitwayo seter, na waliofuatana nayo walikuwa hasa wasichana na wanawake. Budeie, ndivyo walivyoitwa. Walikamua, walitenganisha krimu, walisukasuka siagi, waligandisha jibini, na jioni waliwaita ng'ombe kwa sauti nyembamba ya juu inayosafiri kutoka mlima hadi mlima. Maisha hayo yamepungua sana, na seter zilizobaki hai ni chache. Mwezi Desemba mwaka 2024 Shirika la UNESCO liliyaingiza maarifa hayo, kwa ombi la Norwe na Sweden, katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika.

Mmoja wa wasichana hao alikuwa Anne Hov, aliyezaliwa mwaka 1846 katika bonde la Gudbrandsdalen. Jibini ya kahawia ilikuwapo kabla yake, ila ilikuwa kavu na pungufu wa mafuta, kwa sababu krimu ilikuwa ni mali: ilifanywa siagi, na siagi iliuzwa. Chakula cha maji yale kilikuwa cha nyumbani, cha watu wasio na kingine. Kiangazi cha mwaka 1863, akiwa katika seter ya Solbrå na umri wa miaka 17, Anne aliichukua krimu na kuimimina ndani ya chungu cha maji yanayochemka.

Fikiri, ndugu msomaji, jambo hilo lilivyoonekana siku ile. Msichana mdogo anatwaa sehemu ya thamani ya maziwa na kuitia katika sehemu isiyo na thamani. Mama mwenye nyumba yeyote angepaza sauti. Lakini kilichotoka chunguni kilikuwa laini, kinene, kitamu, kikakatika bila kumomonyoka.

Alipoolewa aliendelea kuitengeneza, na mfanyabiashara mmoja wa bondeni, Ole Kongsli, akaichukua kwenda kuiuza mjini, ambako ilipata bei nzuri. Na hapa ndipo hadithi ya mapishi inapogeuka kuwa hadithi ya uchumi. Norwe ya wakati huo haikuwa Norwe tunayoisikia leo, yenye mafuta ya bahari ambayo Ekofisk yalipatikana mwaka 1969. Ilikuwa nchi maskini. Katika miaka ya 1870 na 1880 nafaka ya bei rahisi kutoka Amerika na Urusi ilifurika katika masoko ya Ulaya, na mkulima wa bondeni ambaye shayiri yake ilihangaika na baridi hakuweza kushindana nayo. Kati ya mwaka 1825 na 1925 zaidi ya Wanorwe 800,000 walihamia Amerika ya Kaskazini. Familia zilizobaki Gudbrandsdalen zilihitaji kitu cha kuuza ambacho hakiozi njiani na ambacho Mmarekani hawezi kukileta kwa meli, na jibini ya Anne Hov ikawa kitu hicho. Wenyeji husema hadi leo kwamba ililiokoa bonde lao.

Mwaka 1933, alipokuwa na umri wa miaka 87, Anne alitunukiwa nishani ya Mfalme. Tangu siku ya chungu kile ilikuwa imepita miaka 70. Kwetu sisi tunaoandika ukurasa wa jamaa, ucheleweshaji huo si wa kushangaza: kazi iliyofanywa jikoni na mwanamke huchukua muda mrefu kuhesabiwa kuwa uvumbuzi.

Jambo lingine ambalo wanaushirika wetu watapenda kulisikia ni kwamba kazi ya maziwa Norwe ilijengwa juu ya ushirika. Huko Rausjødalen, mashariki ya nchi, wakulima walianzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika mwaka 1856, na kampuni kubwa ya TINE, ambayo ndiyo mtengenezaji mkuu wa jibini ya kahawia, ni mali ya wafugaji wenyewe.

Kutoka bonde lile jibini imesafiri. Marekani huuzwa kwa jina la Ski Queen, na katika miaka ya 2020 vijana wa Korea ya Kusini wameipenda ghafla, wakiiparuza kama theluji juu ya mikate mitamu katika migahawa ya Seoul. Hata maafa imekwisha kuyapata. Mwezi Januari mwaka 2013 lori lililobeba takriban tani 27 za jibini hii lilishika moto ndani ya handaki la Brattli, huko Tysfjord kaskazini mwa Norwe. Mafuta na sukari ni kuni nzuri, hivyo moto uliwaka kwa siku kadhaa pasipo zimamoto kuweza kuukaribia. Hakuna aliyeumia, tushukuru, na waliocheka walicheka kwa haki.

RANDA YA SEREMALA

Tukirudi mezani, kile kifaa cha kuparuzia kina baba yake, naye alikuwa seremala. Thor Bjørklund alikuwa na karakana mjini Lillehammer, mji ulioko mdomoni mwa bonde lile lile la Gudbrandsdalen. Yasimuliwa kwamba alichoshwa na kukata jibini kwa kisu, ambacho hutoa vipande vinene upande mmoja na vyembamba upande mwingine, akaitazama randa yake inayotoa maranda membamba ya mbao, akapata wazo. Mwaka 1925 alipewa hati ya kumiliki uvumbuzi wake: bapa la chuma mfano wa mwiko mpana, lenye upenyo katikati na makali yaliyoinuka kidogo. Leo ni shida kupata jiko la Norwe lisilokuwa nalo.

Nawaomba mama wa Mgeta na watoto wake wasikilize hapa, kwa sababu ndipo chakula chao kilipoharibikia. Jibini ya kahawia haikutafunwa kwa mapande kamwe. Ni nzito, ni tamu, ina chumvi kidogo, na hushika katika meno kama tofi. Mtoto aliyepewa pande nene alifanya haki kulirudisha. Ukanda mwembamba kama karatasi, kwa upande wake, huyeyuka juu ya ulimi pamoja na mkate: kwanza huja utamu wa sukari iliyoungua, halafu chumvi, na mwisho kabisa uchachu mdogo ambao ndio unaokukumbusha kwamba hii ilikuwa maziwa. Mimi nilipoionja kwa mara ya kwanza, nyumbani kwa jamaa aliyetoka ng'ambo, nilidhani nimepewa barfi iliyotiwa chumvi kwa utani. Ukanda wa pili ulinipendeza zaidi. Ukanda wa tatu niliuomba mwenyewe.

Wasiokuwa na randa ya jibini wasikate tamaa. Kisu kikali kilichochovywa katika maji ya moto na kupanguswa kitafanya kazi, au kile kisu cha kumenyea viazi, ambacho mimi nakipendelea.

Kwao huliwa hasa juu ya mkate mweusi uliopakwa siagi, na mkate huo hufungwa katika karatasi kuwa chakula cha mchana cha mfanyakazi na cha mtoto wa shule. Desturi ya watoto ina historia ya kuheshimiwa. Katika miaka ya 1930 daktari wa shule mjini Oslo, Profesa Carl Schiøtz, alianzisha mlo wa asubuhi wa bure kwa wanafunzi, ambao haukupikwa: mkate wa nafaka isiyokobolewa, maziwa, tunda au karoti mbichi, na jibini ile ya maji ya maziwa. Mlo huo ulijulikana kama Kifungua Kinywa cha Oslo, na miji ya nchi nyingine iliuiga.

Siku za mapumziko hulazwa juu ya mikate laini ya mayai inayookwa katika chuma chenye umbo la mioyo, ikiwa ya moto bado, pamoja na jemu ya matunda ya porini. Wapishi wao pia hutia vipande viwili vitatu katika mchuzi wa nyama ya kulungu wa kaskazini uliotiwa krimu. Mchuzi hupata rangi na utamu wa chini kwa chini, na mlaji asiyeambiwa hawezi kubahatisha umetoka wapi.

Kwetu, naona mahali pake pa kwanza ni juu ya chapati ya maji iliyotoka kikaangoni, ambapo joto huilegeza. Pa pili ni pamoja na kahawa chungu ya vikombe vidogo. Watu wa pwani wamejua siku zote kwamba kahawa isiyo na sukari hutaka kitu kitamu pembeni, halua au kashata, na jibini hii hukaa katika nafasi hiyo kana kwamba ilizaliwa Forodhani.

Tahadhari moja kwa wazazi. Zaidi ya theluthi ya uzito wa jibini hii ni sukari ya maziwa, na mafuta yake si haba. Watu wazima wengi wa Kiafrika matumbo yao hayaipokei laktosi vizuri. Anayevimbiwa na kuharisha akinywa maziwa fresh aanze na ukanda mmoja. Kwa watoto ihesabiwe kuwa kitu kitamu cha siku maalumu, wala mzazi asijidanganye kwamba inaweza kuchukua nafasi ya maharage au samaki.

SWALI LA MBUZI

Sasa tuliendee lile swali la tatu. Huenda mama hana habari, lakini mbuzi wake na jibini ile ni ndugu. Katika miaka ya 1980 mbuzi wa maziwa wa Kinorwe waliletwa Morogoro kwa ushirikiano wa wataalamu wa kilimo wa nchi hizo mbili, na mwaka 1988 wakaanza kufikishwa kwa wakulima wa Mgeta, ambako baridi ya milima ya Uluguru iliwafaa kuliko joto la tambarare. Uzao wao umeendelea hapo. Maziwa yanayokamuliwa Nyandira na vijiji vya jirani yatoka katika ukoo ule ule wa mbuzi wanaolishwa kwenye miteremko ya Undredal, kijiji kidogo cha ukingoni mwa bahari ambacho sifa yake Norwe ni jibini ya mbuzi.

Je, aweza kuitengeneza? Naam, aweza. Akishagandisha maziwa na kutoa jibini nyeupe, achukue maji yale siku hiyo hiyo kabla hayajachacha, ayachemshe katika sufuria pana akikoroga, atie krimu yanapokuwa mazito, na akande hadi yapoe. Lita 10 za maji zitampa pungufu ya kilo moja.

Lakini aipige hesabu ya moto. Ili apate kilo hiyo isiyotimia, zaidi ya lita 9 za maji lazima ziende hewani, na hakuna mwiko wala ujuzi unaopunguza lita hizo. Kwa jiko la mafiga, kuni zake ni nyingi; kwa mkaa, bei yake itazidi bei ya jibini. Wanorwe wenyewe walilipa gharama hiyo: kuzunguka seter nyingi miti ilikatwa kizazi baada ya kizazi ili vyungu vichemke, hata msitu ukarudi nyuma mlimani. Leo viwanda vyao huchemsha maji hayo katika mitambo iliyoondolewa hewa, ambamo huchemka kwa joto dogo, na umeme wao karibu wote ni wa maporomoko ya maji. Mwanamke wa Mgeta hana mitambo hiyo. Ana msitu wa Uluguru, na msitu huo ndio unaoulisha mto Ruvu, ambao Dar es Salaam nzima huungojea kwenye mabomba.

Maoni yangu, ambayo mabwana na mabibi maziwa wanaweza kuyapinga, ni haya. Apike sufuria moja kwa ajili ya sikukuu, watoto wakae kando waone maji ya manjano yakigeuka kahawia, kwani ni somo la sayansi lisilohitaji maabara. Siku nyingine ayatumie maji yale bila kuyachemsha hadi kukauka: yapikie uji badala ya maji ya kisima, yakandie unga wa maandazi, na yanayozidi wapewe nguruwe, ambao Mgeta hawakosekani. Lishe ile ile itaingia nyumbani, na kuni zitabaki msituni. Siku vijiji vile vitakapopata kiwanda kidogo cha ushirika chenye umeme wa maji yao wenyewe, hesabu itabadilika, na ningependa kuwa wa kwanza kununua.

Kwa sasa analo tofali moja zima juu ya kabati. Alifunge katika karatasi ya mafuta, kisha katika mfuko, aliweke mahali pa baridi. Hukaa majuma mengi bila kuharibika, kwa kuwa maji yake yamekwisha kutolewa. Nusu saa kabla ya kula lirudishwe mezani lipate joto la chumba. Kingo zake zitakauka na kuwa ngumu, zikipendeza meno ya panya kuliko ya binadamu. Hizo zikatwe vipande vidogo, zitupwe katika mchuzi wa nyama ya mbuzi dakika tano kabla ya kuepua, pamoja na pilipili manga, na chumvi ipunguzwe.